Aliyeliliwa Kando ya Sosiani

Habari za kifo cha Wangila zilimkuta Kavetsa akikunja shuka, naye akaendelea kukunja. Askari wa bwana DC alisimama uani, nyuma ya duka la nguo la Mhindi Velji alikofanya kazi Kavetsa, kofia mkononi, akasema kwamba mume wake amefia Burma kwenye vita vya Wajapani, mwili haukupatikana, na serikali inampa pole. Kisha akangoja. Alikuwa ameshapeleka habari kama hizo kwa akina mama wengi, na alijua kwamba baada ya pole huja kelele. Mmoja kule Kiplombe alimrarua shati. Huyu alilinganisha pembe za shuka, akaibana kwa kidevu kifuani, akasema, "Asante, bwana askari." Askari akaondoka na shati lake zima, lakini akiwa na wasiwasi kuliko siku aliyoraruliwa.

Tangu hapo Kavetsa hakulia. Msije mkadhani hakumpenda mume wake. Alimpenda, tena sana, kiasi cha kuolewa naye huku ndugu zake Wamaragoli wakimwuliza kama wanaume wa kwao wamekwisha. Wangila alikuwa Mbukusu, mwendesha gari la ng'ombe la makaburu kabla hajavaa kaptula ya jeshi, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, na alikuwa na kituko kimoja: hakuwahi kuingia nyumbani kwake bila kukohoa mlangoni. Kilikuwa kikohozi cha uongo, kifupi, cha kukwaruza koo mara mbili, ili mkewe asishtuke. Mtu gani anapiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe? Kavetsa alimcheka miaka yote ya ndoa yao. Sasa masikio yake yalikuwa yamebaki mlangoni, na mwili wake wote uliobaki ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, matanga yakakaliwa kule lokesheni, mtaa wa Waafrika, nyumbani kwa Wamalwa, kaka mkubwa wa Wangila. Wamalwa alikuwa mnyapara kwenye kiwanda cha magome ya miwati, na sauti yake ilisikika ng'ambo ya mto hata alipokuwa anaomba chumvi. Yeye hakuwa mtu wa kukohoa kabla ya kusema. Alisema tu, na aliyesimama karibu akajuta. Kando yake alikaa dada yao, Rosebella, dobi, mwanamke wa mikono yenye nguvu na imani yenye nguvu zaidi. Rosebella alilia mpaka koo likakauka, akanywa maji, akalia tena. Wanawake wakalia pamoja naye. Na mjane mwenyewe akakaa katikati yao akiwa na macho makavu, akimtoa mtoto wake Musimbi kamasi.

"Wifi, hata kidogo?" Rosebella akamnong'oneza.

"Hayaji."

"Basi piga kelele tu. Watu wanaangalia."

Kavetsa akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akaufunga tena, na wanawake wa Kibukusu waliokuwa wamekaa karibu na mlango wakatazamana. Ilikuwa inajulikana tangu zamani kwamba Wangila alioa mbali. Sasa ikaanza kujulikana kwamba alioa vibaya. Kabla jua halijashuka, Rosebella naye, aliyekuwa amechoka kumtetea, akasema kwa sauti ya kutosha watu wote, "Huyu roho yake ni jiwe."

Kwa ukoo wa kina Wangila, mtu aliyekufa mbali bila mwili kurudi alizikwa hata hivyo. Walikata gogo la mgomba lenye urefu wa mtu, wakalivika nguo zake, wakalizika nyumbani na kulililia kama mwenyewe. Na mjane ndiye aliyeanza kilio. Bila sauti yake hakuna mwingine aliyefungua mdomo. Mazishi yakapangwa yafanyike kwao Kimilili, wiki mbili mbele, ili ndugu waliotawanyika mashambani wapate ruhusa.

"Sasa nisikilize," Wamalwa akamwambia Kavetsa watu walipokuwa wanatawanyika. "Hapa lokesheni umetuaibisha, lakini hapa ni mji, tunasamehe. Kule nyumbani ni kaburi. Ukisimama pale macho kavu namna hii, Musimbi anabaki kwetu. Hatuwezi achia mtoto ya ndugu yetu mama ambaye hajui kulilia baba yake."

"Musimbi ni wangu, shemeji."

"Basi lia."

Rosebella akambeba Musimbi mgongoni, akasema atamkalia siku chache mpaka mazishi yapite, maana mama yake hayuko sawa. Mtoto alikuwa na miaka minne na alimpenda shangazi yake; alipunga mkono akicheka. Kavetsa alimtazama mpaka akapotea nyuma ya ua wa mabati. Alijua kwamba huu ndio wakati wa kuhisi kitu. Akangoja kidogo, kisha akaenda kuchota maji.

Siku zilizofuata alijaribu kulia kwa bidii, kama mtu anavyojaribu kuwasha moto kwa kuni mbichi. Alikata vitunguu vya jikoni kwa Velji, vyake na vya zamu ya mpishi. Machozi ya kitunguu yalimtoka vizuri, yakakauka pamoja na kitunguu. Alijifinya mapaja. Alijaribu kumfikiria Wangila akianguka Burma, lakini hakuijua Burma, hakujua kama kule kuna matope au mawe, na kila alipoanza kuiwaza alijikuta anawaza barabara ya Kaptagat na gari la ng'ombe. Aliomba Mungu. Usiku alilala vizuri, na hilo lilimtia hofu kuliko yote. Hofu yenyewe pia ilikuwa ya mbali, kama kelele za jirani.

Kazi yake pale dukani ilikuwa kumtunza Ba. Ba maana yake ni mama kwa lugha ya kwao, na kila mtu alimwita hivyo yule kikongwe mama yake Velji, hata wapagazi wa marobota. Alikuwa mjane, amevaa nyeupe tupu tangu mumewe afe, mwembamba, mwenye kiburi kidogo, na alikuwa na tabia iliyoufanya mji wa Eldoret, au Sisibo kama wenyeji walivyouita, upate cha kusema. Kila alfajiri alitoka nyumbani akiwa na Kavetsa nyuma yake amebeba jamvi, wakateremka mpaka ukingo wa mto Sosiani, kwenye nyasi fupi kando ya miwati, na pale, kwenye baridi ambayo ilikuwa bado inawauma hata ng'ombe, kikongwe alifanya yoga.

Ndivyo alivyoiita. Mkwe wake alimsihi aifanyie ndani. Ba akakataa. "Hewa ya nyumba iko ya zamani," alisema kwa Kiswahili chake cha dukani. "Watu yote imekwisha vuta."

Alianza kwa kusimama akitazama kule jua litakakotokea, viganja vimekutana kifuani. Akainua mikono, akainama mpaka paji la uso likagusa magoti, jambo ambalo Kavetsa, kijana kwake, hangeweza hata kwa kusukumwa. Akajinyoosha kwa tumbo, akainua kifua kama nyoka. Akapiga magoti, akaupindua mgongo juu na chini kama paka aliyeamka. Akasimama kwa mguu mmoja, mwingine ameukunja pajani, na kule mbele, kwenye majani yenye umande, korongo wenye taji walikuwa wamesimama vilevile, naye Ba aliwatazama kwa jicho la mashindano. Mwisho alikaa, akaziba tundu moja la pua kwa kidole gumba, akavuta, akaziba la pili, akatoa.

Mji ulikuwa na maoni yake. Wengine walisema anaabudu jua. Jelagat, muuza maziwa aliyepita hapo kila asubuhi kutoka Yamumbi na vibuyu vyake, alisema kwamba yule mama amepoteza kitu kwenye nyasi na hataki kusaidiwa kutafuta. Kaburu mwenye shamba la ng'ambo alisimamisha farasi siku moja, akatazama muda mrefu, akatoa kiko mdomoni, akakirudisha, akaenda zake. Ilikuwa mara ya kwanza kaburu yule kukosa la kusema.

Kavetsa alizoea yote isipokuwa la mwisho. Baada ya pumzi, Ba alilala chali juu ya jamvi, miguu imeachana kidogo, mikono kando, viganja juu, macho yamefungwa, na hakutikisika. "Hii iko kulala ya maiti," alimweleza siku ya kwanza, bila haya yoyote, na Kavetsa akasogea nyuma hatua kadhaa. Kwao hakuna mtu mzima anayelala chali mahali pa wazi namna hiyo, viungo vimenyooshwa, uso mbinguni. Hivyo ndivyo wanavyolazwa walioaga. Kulala hivyo kwa hiari yako ni kumwita mtu ambaye hujui kama atakubali kuondoka bila wewe. Kwa hiyo kila siku, kikongwe alipolala, Kavetsa aligeuka akatazama mto mpaka asikie jamvi likichakacha.

Wiki ya mazishi ilipofika, Ba alikatiza mazoezi yake katikati.

"Wewe iko simama hapo kama nguzo ya simu," alisema. "Nini?"

Kavetsa akamwambia. Alimwambia kwa maneno machache, kama anayeeleza mpango wa kufua: mume, Burma, gogo la mgomba, Musimbi, Jumamosi. Ba alisikiliza akiwa amekaa, mguu juu ya paja. Kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto, uliokuwa mtupu, na kwenye kifundo kulikuwa na kovu jembamba jeupe.

"Siku bwana yangu nakufa, wanawake navunja bangili yangu kwa jiwe. Iko desturi. Mkono natoka damu. Mimi natazama damu, nafikiri, hii mkono ya nani?"

"Ukalia lini, Ba?"

"Sijui. Siku moja nagusa uso, uso iko maji." Akashusha mkono. "Hapana fukuza machozi. Machozi iko kama kuku. Wewe nakimbia, yeye nakimbia. Lala."

"Kulala vile siwezi."

"Basi simama," Ba akasema, akarudi kwenye pua yake.

Kavetsa akasimama siku hiyo, na siku iliyofuata pia. Siku ya Ijumaa, siku ya kusafiri, alikuwa amemaliza njia zote alizozijua. Vitunguu havikusaidia, maombi hayakusaidia, na kesho yake mtoto wake angeachwa Kimilili kwa sababu ya macho. Ukungu ulikuwa umekaa mtoni. Ba alipofika kwenye kulala kwake, Kavetsa alitandika shuka yake kwenye nyasi kando ya jamvi, akalala chali.

Nyasi zilikuwa baridi mgongoni. Mbingu ilikuwa nyeupe tupu.

"Funga jicho," sauti ya Ba ikasema. "Dole ya mguu, legeza. Kisigino, legeza. Goti. Sasa tumbo, wewe nashika tumbo ya nini, hakuna mtu nataka kuiba."

Kavetsa akalegeza. Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Mwili ambao huuhisi ni mwepesi kuuacha. Miguu ikaenda, mapaja yakaenda, mikono ikalala majanini kama vitu vya mtu mwingine. Akahisi kidole kikavu kikimgusa nyuma ya sikio.

"Hapa iko ngumu," Ba akasema. "Sikio. Legeza."

"Hayo hayawezi."

"Nasikiliza nini?"

Ba akamwacha, akajilaza tena, na wakabaki hivyo wawili, mmoja ndani ya nyeupe, mwingine ndani ya gauni la kazini, viganja vyao vimetazama juu.

Sasa Rosebella alikuwa ameamka mapema. Alimwacha Musimbi kwa jirani, akaenda dukani kumchukua wifi yake wasije wakachelewa gari moshi, akaambiwa yuko mtoni. Akateremka akiwa na mambo mengi kichwani, na mojawapo lilikuwa lile neno la jiwe alilolisema mbele za watu, ambalo lilikuwa limemkosesha usingizi. Alikuwa amepanga kuomba msamaha njiani. Akatokea penye miwati, ukungu ukafunguka kidogo, akamwona Kavetsa chini, chali, amenyooka, uso mbinguni, na pembeni yake yule kikongwe wa Kihindi vilevile, na hakuna kati yao aliyekuwa anatikisika.

Ungefikiri nini wewe? Rosebella hakufikiri kabisa. Mbele yake palikuwa na mjane wa wiki tatu, mto, na mwili uliolazwa kama wanavyolazwa wafu. Akatupa kikapu, akaweka mikono kichwani, na sauti ikamtoka ambayo ilisikika mpaka stesheni.

"Uuuwi! Uuuwi! Kavetsa ya mama, umemfuata! Umetuacha! Mimi nilisema wewe ni jiwe, kumbe ulikuwa unaoza ndani! Nani atanishikia Musimbi, nani ataniambia wifi acha kelele! Uuuwi, ndugu yangu Wangila, mpokee, usimwulize nilisema nini!"

Kwa desturi ya kwao anayelia anaongea na maiti, na anaongea ukweli, kwa sababu maiti hajibu. Rosebella aliongea yote. Alisema kwamba alikuwa anamwonea wivu Kavetsa kwa sababu kaka yake alimpenda kuliko dada zake. Alisema alimchukua Musimbi si kwa huruma bali kwa sababu yeye mwenyewe Mungu hajampa. Machozi yalimwagika kidevuni, na hayakuwa ya adabu kama yale ya matanga. Pua nayo ilikuwa imefunguka.

Kavetsa alisikia kila neno. Alijua kwamba anatakiwa kuamka na kusema, jamani, niko hai. Lakini mwili ulikuwa umelegezwa vizuri mno, haukukubali kuamrishwa upesi, na pia kulikuwa na kitu cha ajabu katika kusikiliza. Hivi ndivyo kilio kinavyokuwa, akawaza. Kumbe hivi. Aliwaza hivyo bila maumivu yoyote, kama anayetazama mvua akiwa dirishani. Ndipo Rosebella, uzito wake wote, akamwangukia kifuani.

"Wifi," Kavetsa akasema, "unanivunja mbavu."

Rosebella akaruka kama aliyekanyaga makaa. Sauti ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, na kana kwamba haitoshi, maiti ya pili ikainuka ikakaa, ikatengeneza nguo yake nyeupe kichwani, ikauliza, "Kelele ya nini?" Jelagat alikuwa amefika mbio na maziwa yake. Alitazama maiti mbili zilizoketi, akatua kibuyu chini kwa upole mkubwa, akakimbia kurudi alikotoka.

Ilichukua muda kueleweshana. Rosebella alipokubali mwishowe kwamba hakuna aliyekunywa sumu wala kuzama, alimpiga Kavetsa kofi la bega, akamkumbatia, akampiga tena. Kisha uso wake ukabadilika. Akakaa chini majanini taratibu.

"Nimekulilia hai," akasema.

"Si umekosea tu?"

"Hakuna tu. Nimekulilia hai, kwa sauti, na jina."

Ukoo ule ulikuwa na miko yake, na huu ulikuwa mmoja wa mizito. Mtu aliyeliliwa akiwa hai, wafu wameshasikia jina lake na wanamngoja. Kwa hiyo mpaka mwaka uzunguke, haruhusiwi kulia kaburini. Akitoa sauti pale, waliolala watamjua, watamwita, na hawamwiti peke yake. Wanaita na kilichotoka tumboni mwake. Huchinjiwa kuku, hukalishwa mgongo kwa kaburi, huwekewa jani la ukoka midomoni, na kazi yake ni moja, kunyamaza. Rosebella alikuwa mama wa kanisa aliyejua zaburi kwa moyo, lakini jambo hili hakulitilia shaka hata kidogo.

Alimpitia Musimbi kwa jirani, akambeba mgongoni, akaenda mwenyewe kumwambia kaka yake kule stesheni, Kavetsa nyuma yake. Wamalwa alinguruma mpaka abiria wakageuka.

"Ulimlilia na machozi, ama kelele peke yake?"

"Na machozi. Na makamasi."

Wamalwa akavua kofia. Kama ni machozi, ilikuwa imeshahesabika. Hakuna mtu angeweza kumdai machozi mjane aliyekatazwa kuyatoa, na hakuna mtoto angeweza kunyang'anywa kwa ajili ya hayo. Jani la midomoni litahesabika kuwa limeanza kilio badala yake. Ndivyo wazee walivyofanya zamani. Alisema haya kwa sauti ndogo, ndogo kwake yeye, kisha akamtoa Musimbi mgongoni kwa dada yake na kumkabidhi mama yake, huku hamtazami usoni.

Kavetsa akampokea mtoto. Alielewa kwamba ameshinda. Alilielewa kama unavyolijua jina la mji ambao hujawahi kufika.

Walizika Jumamosi mchana, jua likiwa kali, mlima Elgon umejifunika mawingu. Gogo la mgomba lililazwa juu ya mkeka likiwa limevaa koti la Wangila la kuendeshea ng'ombe, lile lenye kiwiko ambacho Kavetsa alikitia kiraka, na kofia ikawekwa juu, mahali pa kichwa. Chali, limenyooka. Kuku alishachinjwa. Kavetsa alikalishwa kwenye kigoda mgongo kwa kaburi, Musimbi mapajani, na Wamalwa mwenyewe akachuma jani la ukoka, akalifuta vumbi kwenye suruali, akaliweka katikati ya midomo ya Kavetsa.

"Usilidondoshe," akamwambia.

Hakuwa na wasiwasi wa kulidondosha. Alikuwa amekauka kama zamani, na kwa mara ya kwanza ukavu ule ulikuwa na faida. Alitazama mbele yake, shamba la mahindi, mbuzi amefungwa kwenye mti, watoto wa jirani wamekaa juu ya ukuta. Kwa kuwa hapakuwa na la kufanya, akaanza kulegeza, kama alivyofundishwa. Dole. Kisigino. Goti. Tumbo, ambalo hakuna aliyetaka kuliiba. Mabega yakashuka. Nyuma yake akasikia wanaume wakishusha gogo, kamba zikikwaruza udongo. Hakuna tena wa kumdai machozi. Masikio yakalegea.

Ikawa zamu ya kaka mkubwa kusema neno la kumwaga udongo. Watu wakatulia, wakijiandaa kwa ile sauti. Sauti haikuja. Wamalwa alisimama ukingoni, mchanga mkononi, akaangalia koti la mdogo wake mle chini, yeye ambaye hakuwa mtu wa kukohoa kabla ya kusema. Ikambidi akohoe. Alikohoa kifupi, akikwaruza koo, mara mbili.

Kavetsa alikisikia kikohozi kile nyuma yake, kama kilivyozoea kutoka mlangoni. Wangila amefika. Alianza kugeuka, uso wake umeshaanza lile cheko la kumcheka, na katikati ya kugeuka akajua ni nani, na yuko wapi, na kwamba hakuna atakayekohoa mlangoni tena, si leo, si mvua ikinyesha, si Musimbi akikua. Ganzi ikatoka mwilini mwake yote kwa pamoja, na iliuma, iliuma hasa, kama mguu uliokaliwa damu inaporudi. Kifua kikapanda. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni kabla hajajua, na nyuma yake ilikuwa inakuja sauti, kubwa, ya wiki zote hizo, nayo hakuwa na nguvu ya kuizuia. Akauma jani. Akamkumbatia Musimbi mpaka mtoto akalalamika.

Rosebella alikuwa upande wa kaburi, lakini macho yake yalikuwa kwa wifi yake. Aliona yale mabega. Alimjua sasa, mtu uliyekwisha kumlilia unamjua. Hakungoja wazee. Alivunja mstari, akaja mbio, akapiga magoti mbele ya kigoda, akamfunika Kavetsa na mtoto kwa leso yake kuanzia kichwani, akamkandamiza uso wake kwenye kifua chake kipana.

"Lia," akamwambia sikioni. "Lia yote. Mimi nitapiga kelele."

Akainua uso juu, akaanza. Alipiga kelele hata mbuzi akakata kamba. Wanawake wakadhani ndiyo ishara, wakaipokea, na milima ikaijibu, na chini ya ile leso mwanamke mmoja alilia kwa sauti yake yote bila mtu yeyote kumsikia, hai wala mfu. Kila alipokaribia kunyamaza, Rosebella alimngoja. Kila alipoanza upya, Rosebella alipandisha.

Watu wa Kimilili walilisema jambo hilo miaka mingi baadaye, kwamba hakuna dada aliyewahi kumlilia kaka yake kama Rosebella alivyomlilia Wangila. Na yule mjane wake, walisema, yule Mmaragoli wa macho makavu, leso ilipofunuliwa, jani lilikuwa bado mdomoni.